Dagaa, Insulini na Mifupa ya Mtoto Mwenye Kisukari

Mwenye kisukari huambiwa mapema achunge macho, figo na miguu. Mifupa haitajwi. Kwa mtoto wa miaka tisa hilo ni pengo kubwa, maana mifupa atakayotembea nayo hadi uzeeni anaijenga sasa. Kijana akikaribia miaka 20, kiasi cha asilimia 90 ya mifupa yake kimeshajengeka.

Kisukari ninachokizungumzia, cha aina ya kwanza, hakiletwi na kula sukari. Kinga ya mwili hugeuka na kuua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mtoto anakunywa maji kiu isikatike, anakojoa usiku kucha, anakonda na huku anakula. Wapo wanaodhaniwa wana malaria, wapo wanaosemwa wamelogwa, na wapo wanaozikwa kabla ya kuchomwa kidole kupimwa sukari.

Tumezoea kuiona insulini kama dawa ya kushusha sukari tu. Lakini hata seli zinazojenga mfupa huipokea, na zikiikosa kazi yao hudorora. Mfupa ni kama zege lenye nondo: kalsiamu na madini mengine ndiyo zege, nyuzi za protini iitwayo kolajeni ndizo nondo. Sukari ikikaa juu miaka mingi hunata kwenye nyuzi hizo na kuzikakamaza, zikapoteza uwezo wa kuhimili kishindo. Tena, sukari inapomwagika kwenye mkojo, kalsiamu nayo huondoka. Na kwa sababu ya nyuzi zilizokakamaa, kipimo kinaweza kuonyesha mfupa mnene, na bado ukavunjika kirahisi.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za Waingereza zaidi ya 30,000 wenye kisukari hiki. Hatari ya kuvunjika mifupa ilianza kupanda utotoni na haikuwaacha maisha yote.

Je, mtoto wa Mbinga au wa mwambao wa Ziwa Nyasa ana nini mkononi? Anacho kingi. Kuanzia miaka tisa mtoto anahitaji miligramu 1,300 hivi za kalsiamu kwa siku, na maziwa si ya kila nyumba. Lakini Liuli na Mbamba Bay dagaa huanikwa juani, kisha hupandishwa milimani hadi soko la Mbinga. Samaki huyu huliwa na mifupa yake, na kalsiamu iko humo. Wapishi wengi hunyofoa vichwa kwa sababu ya uchungu. Naomba vya mtoto viachwe, vikaangwe na nyanya na kitunguu mpaka vikatike vyenyewe mdomoni, au dagaa wakavu watwangwe na unga wao utiwe kwenye maharage. Dagaa hawapandishi sukari kama ugali unavyofanya. Vitamini D, inayosaidia mwili kufyonza kalsiamu, hutengenezwa na ngozi juani: utafiti wa mwaka 2012 kwa Wamasai na Wahadzabe, wanaoshinda nje, uliwakuta nayo ya kutosha. Basi mtoto acheze. Kumfungia ndani kwa hofu kunadhoofisha mfupa, kwa kuwa mfupa hukomaa kwa kubeba uzito. Awe tu na kitu kitamu mfukoni, sukari isije ikashuka mchezoni.

Hata hivyo, dagaa hawachukui nafasi ya sindano. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na kwenye joto la ufukweni huharibika upesi kuliko kwenye baridi ya milima ya Umatengo. Pasipo friji, chupa ifungwe kwenye mfuko usiopenya maji, iwekwe ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kivulini penye upepo. Mtungi hautafikia ubaridi wa friji, lakini utaikinga na joto kali. Insulini isigande kamwe.

Mzazi, siku ya kliniki, iwe Litembo, Liuli au hospitali ya wilaya, mweleze daktari kama mtoto amewahi kuvunjika na ilikuwaje. Mwombe ampime urefu na kuuandika kwenye daftari, kwa sababu mtoto mwenye kisukari asiyerefuka huenda ni mtoto ambaye insulini haimtoshi. Wala usimpunguzie sindano ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Ikikaribia kuisha, rudi kliniki mapema.