Ukienda Lushoto, Panga Safari Kuanzia Mwisho

Mwaka jana, bumu lilipoingia, tulijikusanya wanne kwenda kutembea milima ya Usambara. Mimi ndiye niliyepanga safari. Kwenda kulikuwa poa, tukapanda, tukapiga picha. Jumapili saa nane mchana tukatoka kijijini tulikolala, tukaambiwa gari la kushuka huondoka alfajiri, basi. Mwenzetu mmoja akakosa testi ya Jumatatu. Hakunilaumu, ila nilijua kosa ni la nani.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba andalio la somo huanzia kwenye lengo: kipindi kikiisha, mwanafunzi aweze nini? Ukishalijua, ndipo unapanga hatua za kufika huko. Safari ya basi na daladala ni hivyo hivyo. Usianze na "tunaondoka saa ngapi?" Anza na "natakiwa niwe chuoni saa ngapi?" kisha rudi nyuma, gari moja moja.

Tuchukulie unasoma Tanga na una kipindi Jumatatu asubuhi. Jumapili jioni uwe umeshashuka stendi ya Kange. Basi mchana uwe Mombo, kwenye barabara kuu. Basi asubuhi uwe umeondoka Lushoto. Kwa hiyo Jumamosi usiku ulale Lushoto mjini, si kijijini. Siku ya kutembea inabaki Jumamosi, na Ijumaa ni ya kusafiri. Ukitaka kufika mbali, kama Mtae, ongeza siku au subiri likizo.

Kwa nini uwe makini hivyo? Kwa sababu magari ya huku hayafanani. Kutoka Tanga unapita Muheza, Segera na Korogwe hadi Mombo. Yapo mabasi yanayofika Lushoto moja kwa moja, lakini ukiyakosa, Mombo ndiyo njia panda yako, maana mabasi ya Dar kwenda Moshi na Arusha yanapita hapo. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona kupitia Soni, na gari dogo haliondoki mpaka lijae. Kadiri unavyoingia ndani vijijini, magari yanapungua, na mengi yanashuka mapema mno kuwahisha watu na mizigo mjini. Kwa hiyo ukifika popote, swali la kwanza kwa kondakta liwe, "Gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi?"

Jumamosi hiyo moja inatosha. Irente ni kama kilomita sita kutoka mjini, unatembea kwa miguu kupitia mashamba, na ukifika ukingoni unaona nyika yote chini yako. Ukipenda msitu, nenda Magamba. Huo umehifadhiwa, kwa hiyo andaa hela ya kiingilio na ya mtu wa kuwaongoza.

Wenzangu wa pwani, msidanganywe na jua la Tanga. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita hadi wa nane baridi ni ya kweli. Beba sweta na viatu vyenye meno. Machi hadi Mei ni masika, njia zinateleza, ahirisha tu.

Kuhusu hela: nauli ya kurudi itenge kwenye simu kabla hujapanda gari la kwenda, na uifanye haigusiki. Ongeza ya kulala usiku mmoja wa dharura. Ukibaki nayo, mtanunulia mapeasi Soni.

Mwaka huu tumerudia safari, watu wale wale. Jumapili saa kumi na moja jioni tulikuwa Kange. Yule mwenzetu alifungua daftari palepale stendi, akaanza kusomea testi yake.