Kumwaga vitoto vya samaki mtoni kunatosha? Mabishano ya samoni, wavuvi na orka



Kila mara tunapotembelea mabwawa, swali moja linarudi: «Injenieri, mutatuletea lini vitoto vya samaki?» Ni kawaida. Mtu akiona samaki wamepungua, wazo la kwanza ni kuongeza wengine. Leo ninawaelezea watu waliofanya vile zaidi ya miaka 100, tena na feza nyingi kuliko zetu, na hadi sasa wanapelekana tribinali. Ni habari ya mbali, ya pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada. Lakini mukiisoma, mutatambua mambo mengi.

Samaki mmoja, wenye njaa wengi

Samoni anazaliwa mtoni, katika changarawe na maji ya baridi. Anateremka baharini, anakula na kunenepa miaka kadhaa, kisha anapanda tena mto ule ule alimozaliwa. Kule anazaa na anakufa. Iko aina nyingi za samoni. Aliye mkubwa kuliko wote anaitwa Chinook, na huyo ndiye kila mtu anamtaka.

Wavuvi wanamtaka juu ya bei yake. Makabila ya wenyeji wa pale wanamtaka juu ya chakula na desturi zao. Na orka pia anamtaka. Orka ni mnyama mkubwa wa baharini, mweusi na mweupe, anayezaa na kunyonyesha kama vile ng'ombe. Wengine wanamwita nyangumi muuaji. Lakini kundi linaloishi upande wa Seattle na Vancouver haliwindi wanyama wenzake. Linakula samaki, na zaidi ya yote Chinook.

Mwaka 1995 orka wa kundi hilo walikuwa 98. Miaka hii wanabaki karibu 75. Tangu mwaka 2005 serikali ya Marekani imewaandika kati ya wanyama walio katika hatari ya kwisha. Mwaka 2018 mama mmoja alifiwa na mtoto wake, akabeba maiti juu ya maji kwa siku 17. Watu wa dunia nzima waliona picha zile, na mabishano yakawaka.

Njaa si sababu moja tu. Kelele za meli zinawasumbua wakitafuta samaki, sumu za viwanda zinajaa katika mafuta ya mwili wao, na miaka ya 1960 na 1970 watu waliwakamata watoto wao wengi ili kuwaonyesha kwa malipo. Hata vile, bila Chinook hawawezi kupona.

Mto uliharibika kwanza

Samoni walipungua juu ya nini? Walivuliwa kupita kiasi, miti ya kando ya mito ikakatwa, na baraji zikafunga njia. Baraji ya Grand Coulee, kwenye mto Columbia, ilimalizika mwaka 1942 bila njia ya samaki kupita. Samoni wote wa upande wa juu wakakatiwa njia ya kwao.

Ili kulipa hasara hiyo, serikali ilitegemea vituo vya kuzalisha samaki. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza mwaka 1872 huko California. Wanakamata samoni wanaopanda mto, wanakamua mayai ya jike na mbegu ya dume, wanachanganya, wanalea vitoto katika mabeseni, kisha wanawaachilia waende baharini. Wengi wanakatwa kapezi kadogo ka mgongoni, karibu na mkia. Hapo mvuvi anaweza kuwatenga: mwenye kukatwa ni wa kituo, asiyekatwa ni wa mto, na mahali pengi sheria inasema arudishwe majini.

Kila upande una neno lake

Wanaotetea vituo wanasema: bila vituo, mito mingi ingekuwa mitupu. Makabila ya wenyeji wana sababu nzito. Katika mikataba ya 1854 na 1855 waliachilia ardhi yao, lakini walibakiza haki ya kuvua. Mwaka 1974 jaji George Boldt aliamua kwamba nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa ni yao. Lakini haki ya kuvua pasipo samaki inabaki karatasi. Ndiyo maana makabila mengi yanaendesha vituo vyao wenyewe. Kisha mwaka 2018, jimbo la Washington nalo likaamua kuzalisha zaidi ili orka wapate kula.

Wanaopinga wanajibu: samaki wa kituo amechaguliwa na beseni, hakuchaguliwa na mto. Munajua kuku wa kisasa: bandani anakua haraka, lakini umuachilie kijijini na mwewe juu, hamalizi mwezi. Samoni wa kituo akizaa na wa mto, mara nyingi watoto wao wanapungukiwa nguvu ya kuishi mtoni. Tena wanagombania chakula kimoja. Na hesabu kubwa ya vitoto inaficha ugonjwa wa mto wenyewe.

Wengine wanasema: tupunguze uvuvi. Mwaka 2020 shirika la Wild Fish Conservancy liliishitaki serikali kuhusu uvuvi wa Chinook wa kusini-mashariki ya Alaska. Wengi wa samaki wanaovuliwa pale walizaliwa katika mito ya Kanada, Washington na Oregon. Mwezi wa 5 mwaka 2023 jaji wa Seattle aliondoa kibali cha uvuvi huo. Mwezi uliofuata, siku chache mbele ya msimu, tribinali ya rufaa ilizuia amri yake, na mwaka 2024 ikaivunja. Lakini serikali ilibaki na deni la kusahihisha masomo yake kuhusu uvuvi na vituo.

Wavuvi hao wengi wana mashua ndogo za familia, wanavua kwa ndoana. Swali lao ni la haki: sisi hatukujenga baraji, kwa nini mzigo uanguke kwetu kwanza? Wenzetu wa Ziwa Tanganyika walionja uchungu kama huo mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa miezi mitatu.

Njia ya polepole

Iko njia nyingine: kumrudishia samaki mto wake. Kwenye mto Elwha, baraji mbili zilibomolewa kati ya 2011 na 2014. Kwenye mto Klamath, kazi ya kubomoa baraji nne ilimalizika mwaka 2024, na mwaka ule ule Chinook walionekana upande wa juu. Lakini mto unapona polepole, na orka ana njaa leo. Kwa hiyo wengi wanasema vituo vibaki wakati mito inatengenezwa. Ugomvi ni kujua kama vituo ni dawa ya muda au vimekuwa kisingizio.

Na sisi?

Bwawa si mto. Katika bwawa wewe ndiye unalisha na unachunga, kwa hiyo kununua vitoto ni sawa, mradi usizalishe ndugu kwa ndugu miaka na miaka hadi tilapia wabaki wadogo. Lakini mtoni na ziwani, usimwage samaki wa bwawa bila kuuliza wenye ujuzi. Na mbele ya kuomba vitoto, angalieni kwanza mahali samaki wanapozalia: majani ya kando iko? Nyavu za macho madogo zimeachwa?

Kwa mkutano wenu ujao, mujadili maswali haya mawili:

1. Kwetu samaki walipungua juu ya nini, na nani alifaidika na sababu hiyo?
2. Tukikubali kupumzisha mto au ziwa, nani atapoteza chakula kwanza, na koperative itamsaidia namna gani?

Muandike majibu katika daftari ya koperative. Tukifika kwenu, tutaanza na daftari hiyo, kisha tutazungumza habari ya vitoto.