Ugonjwa wako unavyohesabiwa, kutoka Kagunga hadi Dodoma

Ukienda zahanati kwa sababu unaharisha, mhudumu atakuuliza maswali ambayo huenda usione yanahusiana vipi na tumbo lako. Unatoka kijiji gani? Juzi ulilala wapi? Maji ya kunywa mnachota ziwani au bombani? Nyumbani kuna mwingine anayeumwa? Wengi hujibu kwa kifupi ili wapewe dawa waondoke. Ukurasa huu unaeleza majibu hayo yanakwenda wapi baada ya wewe kuondoka, na kwa nini yana uzito wa pekee kwa mtu anayeishi mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Kutoka kwenye rejista hadi wizarani

Jina lako, umri wako, kijiji chako na ugonjwa uliokutwa nao huandikwa kwenye rejista, kile kitabu kikubwa cha MTUHA kilicho mezani kwa mhudumu. Kila wiki, inayoanza Jumatatu na kuisha Jumapili, kituo hujumlisha wagonjwa wa magonjwa yanayofuatiliwa na kutuma idadi yao wilayani. Siku hizi taarifa hutumwa kwa simu ya mkononi, hata ile ya kawaida isiyo na intaneti. Katika taarifa hiyo ya wiki jina lako halimo. Kinachokwenda ni idadi: wameugua wangapi, wakubwa au watoto, na wamekufa wangapi.

Wilayani kuna mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa, ambaye kazi yake ni kulinganisha. Wiki hii na wiki iliyopita, kijiji hiki na kile. Taarifa hupanda kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na kufika Wizara ya Afya.

Yapo magonjwa yasiyosubiri Jumapili. Kwa kipindupindu, tauni, au homa kama Ebola na Marburg, mgonjwa mmoja tu anayeshukiwa anatosha, na taarifa yake inatakiwa itoke ndani ya saa 24. Neno la kuzingatia hapo ni "anayeshukiwa". Mhudumu hasubiri majibu ya maabara ndipo aseme. Anatumia maelezo yaliyokubaliwa mapema ili wote wahesabu kitu kilekile. Kwa kipindupindu, mwongozo wa kimataifa unaotumika sasa unasema hivi: mahali ambapo hakuna mlipuko, mshukiwa ni mtu wa miaka 2 au zaidi anayeharisha majimaji na kuishiwa sana maji mwilini, au aliyekufa kwa kuharisha huko. Kuharisha majimaji maana yake ni choo chepesi kisicho na damu, mara tatu au zaidi kwa siku.

Sampuli ya choo huchukuliwa na kupelekwa maabara, ambako vimelea huoteshwa ili kuthibitisha, kazi ya siku kadhaa. Mlipuko ukishathibitishwa, si kila mgonjwa hupimwa tena. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba wagonjwa wamefika elfu kadhaa, usidhani wote walipimwa maabara. Wengi wamehesabiwa kwa dalili zao, na hilo si kosa.

Sifuri na kimya

Tuseme zahanati sita za mwambao hutuma taarifa kila wiki. Tano zinasema: wanaoharisha ni 4, 6, 3, 5, 4. Ya sita haikutuma kitu. Ukijumlisha utapata 22, na ramani ya wilaya itaonekana tulivu.

Lakini zahanati ya sita imenyamaza kwa nini? Huenda haikupata mgonjwa. Huenda mtandao wa simu ulipotea siku tatu, jambo la kawaida chini ya milima ile. Au mhudumu ni mmoja tu, wagonjwa wamemzidi, na hana hata dakika ya kukaa ajumlishe. Hali hii ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote, maana mahali palipozidiwa ndipo panaponyamaza kwanza.

Ndiyo sababu kituo kisicho na mgonjwa hata mmoja kinatakiwa kutuma sifuri. Sifuri ni taarifa: mtu ameangalia na hakuona. Kimya hakisemi lolote, na mratibu makini akikikuta hupiga simu. Kwa maoni yetu, ukitaka kujua kama wilaya inafuatilia magonjwa kweli, usianze kuuliza wagonjwa ni wangapi. Uliza kwanza ni vituo vingapi vilivyotuma taarifa wiki hii.

Ipo namna nyingine ya kimya, nayo hutoka kwetu wenyewe. Kipindupindu kina aibu. Mtu hapendi kusikika kwamba ugonjwa wa uchafu umetoka nyumbani kwake, na mfanyabiashara anahofia soko kufungwa. Basi mgonjwa anafichwa, anapewa dawa za dukani, na akifa inasemwa alikuwa na tumbo tu. Huyo hayumo katika hesabu yoyote, lakini choo chake kimeshafika kwenye maji.

Kagunga, Mei 2015

Kagunga ni kijiji cha wavuvi na wafanyabiashara kilicho kaskazini kabisa mwa mwambao wa Tanzania, mpakani na Burundi. Nyuma yake kuna milima mikali, mbele yake kuna ziwa. Wakati huo wakazi walikuwa kiasi cha 11,000, na gari halikuweza kufika. Njia ya kwenda Kigoma ilikuwa maji.

Mwishoni mwa Aprili 2015 vurugu zilianza Burundi baada ya kutangazwa kwamba Rais Pierre Nkurunziza angegombea muhula wa tatu. Watu walikimbia, na wengi waliingia Tanzania kupitia Kagunga. Katika wiki chache makumi ya maelfu walikuwa wamebanana kwenye ufukwe mwembamba, mvua ikiwanyeshea, vyoo vikiwa haba, wakinywa maji ya ziwa lilelile walimoogea.

Katikati ya Mei kipindupindu kilithibitishwa. Kufikia tarehe 22 Mei, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilieleza kwamba wagonjwa walikuwa wamefika 3,000, na wapya walikuwa 300 hadi 400 kila siku. Waliokufa walikuwa 31: wakimbizi 29 na wenyeji wawili.

Zitazame namba hizo taratibu, kwa maana kila moja ina kazi yake. Idadi ya wapya kwa siku inakuambia chupa za maji ya kutundika na pakiti za ORS zinazohitajika kesho, si mwezi ujao. Ukigawanya vifo kwa wagonjwa unapata kama kifo kimoja kwa kila wagonjwa 100. Kipindupindu kikali kisichotibiwa kinaweza kuua hata nusu ya wanaokipata, na kinapotibiwa mapema vifo hushuka chini ya mmoja kwa 100. Kwa hiyo namba ya Kagunga ilisema mambo mawili kwa pamoja: waliofikiwa na tiba walikuwa wakipona, na bado wapo waliochelewa kufikiwa. Nao wenyeji wawili wanatukumbusha kwamba ugonjwa haukuishia kwa wageni. Ufukwe ulikuwa mmoja.

Hesabu ilitakiwa pia ionyeshe mahali. Watu hawakubaki Kagunga. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyoanza safari zake ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ilikwenda na kurudi ikiwabeba mamia kwa mamia hadi Kigoma. Kule walipumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Mtu aliyekunywa maji machafu Kagunga aliweza kupanda meli akiwa mzima, akaanza kuharisha uwanjani au kambini. Tangu vimelea vinapoingia mwilini hadi dalili zinapotokea huweza kupita saa chache au hata siku tano, na wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote ingawa vimelea vinatoka na choo chao.

Fikiria sasa kama kila kituo kingehesabu peke yake. Kigoma wangeona wagonjwa wao na kutafuta kisima kibovu mjini. Nyarugusu wangetafuta kisima kibovu kambini. Swali la "umetoka wapi na umefika lini" ndilo linalounganisha vituo hivyo vitatu kuwa mlipuko mmoja, na kuonyesha kwamba tiba inahitajika kote njiani na kwamba msongamano wa Kagunga lazima upunguzwe. Mwezi Juni wakimbizi wa Nyarugusu walipewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu.

Mwezi Agosti mwaka uleule kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikasambaa karibu nchi nzima. Wagonjwa walipita 20,000 kabla hakijatulia.

Mafua huhesabiwa kwa njia nyingine

Usidhani kila ugonjwa hufuatiliwa hivyo. Influenza, yaani homa ya mafua makali, huwapata watu wengi mno kiasi kwamba kumhesabu kila mmoja haiwezekani, na wengi wao hawaendi hospitali. Hapa hutumika mfano wa kuonja chumvi ya mchuzi: hunywi sufuria nzima. Huchaguliwa hospitali chache, na humo mgonjwa mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi na kikohozi, aliyeanza kuumwa ndani ya siku 10 zilizopita, huchukuliwa sampuli ya puani na kooni. Tanzania ilianza utaratibu huo mwaka 2008. Mwaka uliofuata virusi vipya vya H1N1 vilizunguka dunia nzima, na vilipofika nchini tayari palikuwa na mahali pa kuvipima.

Kwetu mafua hayana msimu mmoja ulio wazi kama majira ya baridi ya Ulaya, kwa hiyo bila kuhesabu wiki hadi wiki huwezi kujua yanapanda lini. Tena Kigoma ni mkoa wenye malaria nyingi, na kila homa tumezoea kuiita malaria. Kipimo kikisema huna malaria, usikasirike ukadai dawa ya mseto hata hivyo. Mwambie mhudumu kama unakohoa, na kama nyumbani wengine wanakohoa pia. Homa isiyo malaria inayoongezeka ghafla kijijini ni habari anayotakiwa kuipata.

Ziwa halina kituo cha ukaguzi kila mahali

Ziwa Tanganyika lina nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Upande wa Kongo, miji ya Uvira na Kalemie imesumbuliwa na kipindupindu kwa miaka mingi. Boti za mizigo, abiria na uvuvi huvuka bila kujali wiki ya taarifa imeishia wapi. Mvuvi wa dagaa hukaa ziwani usiku wa giza na hurudi nyumbani mwezi ukiwa mkubwa, hivyo anaweza kuugulia kwenye kambi ya wavuvi iliyo mbali na zahanati yoyote. Kama wewe ni mwenye boti au kiongozi wa mwalo, unaweza kuuona mlipuko kabla ya daktari.

Unachoweza kufanya

Ukiona watu wawili au zaidi wanaharisha majimaji katika nyumba moja, boti moja au kambi moja ndani ya wiki moja, au mtu mzima amekufa kwa kuharisha, mweleze mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwenyekiti wa kitongoji au zahanati siku hiyohiyo. Unaweza pia kupiga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyo na malipo. Huhitaji kuwa na uhakika kwamba ni kipindupindu. Wao ndio watakaothibitisha. Sema ni wangapi, walianza lini, wametoka wapi na wanakunywa maji gani.

Ukiwa mgonjwa, taja safari zako zote za siku tano zilizopita, hata ile ya kuvuka ng'ambo ambayo hukuigongea muhuri. Mhudumu wa afya hashughuliki na uhamiaji. Anachotafuta ni maji uliyokunywa.

Na usisubiri kuhesabiwa ndipo uanze kunywa. Anayeharisha anapoteza maji haraka kuliko anavyodhani, na mtu mzima mwenye kipindupindu kikali anaweza kufa ndani ya saa chache. Changanya pakiti ya ORS katika lita moja ya maji salama. Ukikosa pakiti, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja. Mgonjwa anywe kidogo kidogo bila kuacha, hata akitapika, na aendelee kunywa njiani kuelekea kituoni. Mtoto anayenyonya asiachishwe. Safari ya boti kutoka vijiji vya kaskazini hadi Kibirizi huchukua saa kadhaa, kwa hiyo weka pakiti mbili tatu za ORS na dumu la maji yaliyochemshwa ndani ya boti kabla hujang'oa nanga.