Mtihani wa Uhasibu: Mlango Uko Wazi kwa Mfanyakazi



Katika kila kiwanda na kila shamba kubwa kuna chumba kimoja ambacho wengi wetu hatukiingii ila siku ya kutia sahihi. Ni chumba cha hesabu. Humo ndimo kilo za majani ya chai zinapogeuzwa kuwa faranga, na humo ndimo makato yanapoandikwa. Anayekaa humo naye ni mfanyakazi kama sisi. Lakini tukiwekewa daftari mbele yetu na hatujui kulisoma, sahihi yetu haina uzito kuliko alama ya kidole gumba.

Makala haya yanaeleza njia ya kukifikia chumba hicho: mtihani wa kuingilia katika uhasibu wa taaluma, ni nani anaruhusiwa kuufanya, na jinsi ya kujitayarisha hali mtu yumo kazini. Tunawafikiria hasa wenzetu wa Rusizi: wa chai kule Shagasha, wa saruji kule Bugarama, na vijana wa kisiwa cha Nkombo ambao hawafiki Kamembe ila kwa boti. Kijana wa Nkombo aliyemaliza shule ya sekondari aghalabu husikia kwamba uhasibu ni kazi ya watu wa Kigali waliotoka Chuo Kikuu. Neno hilo si kweli, na inafaa lisahihishwe.

NJIA NI IPI?

Zamani cheti cha mhasibu katika nchi zetu kilitoka ng'ambo, hasa London. Baada ya uhuru kila nchi ilianza kujenga chombo chake. Kenya iliunda bodi ya mitihani, KASNEB, mwaka 1969. Tanzania ilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, mwaka 1972. Uganda ilifuata mwaka 1992. Nchini Rwanda, Taasisi ya Wahasibu, inayojulikana kwa herufi ICPAR, iliundwa kwa sheria ya mwezi Mei 2008.

Vyombo hivi vinafanana katika jambo moja kubwa: vina ngazi mbili. Ngazi ya juu ni ile ya mhasibu kamili, yaani CPA. Chini yake iko ngazi ya fundi wa hesabu, ambayo Rwanda huitwa CAT. Ngazi ya fundi imewekwa kwa ajili ya mtu mwenye cheti cha sekondari asiye na shahada. Akiimaliza anaweza kuajiriwa kwa cheti hicho, na pia anaweza kupanda kwenda CPA. Kwa hiyo mtu hahitaji kwanza miaka ya Chuo Kikuu ndipo aanze. Hujiandikisha, hulipa ada, husoma, na hufanya karatasi za hatua ya kwanza.

Ada na tarehe za mitihani hubadilika, kwa hiyo ziulizwe ofisini kwa ICPAR kabla ya kutoa pesa. Mtu asilipe kwa wakala wa njiani anayedai kuwa "ana mtu wake ndani".

MSINGI WA ELIMU YENYEWE

Uhasibu wote umesimama juu ya kanuni moja, nayo ni kuandika kila jambo mara mbili. Kanuni hii ilielezwa katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494 na mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, naye aliikuta tayari ikitumiwa na wafanyabiashara. Maana yake ni kwamba fedha haitokei hewani wala haipotelei hewani. Kila faranga ina ilikotoka na ina ilikokwenda, na pande zote mbili lazima ziandikwe. Upande wa kushoto wa hesabu huitwa debiti, na wa kulia huitwa krediti.

Tuchukue tawi dogo la chama. Wanachama wametoa michango ya faranga 80,000 taslimu. Mweka hazina anapeleka 50,000 benki. Analipa nauli ya boti ya wajumbe kutoka Nkombo, 6,000. Anachukua madaftari dukani kwa mkopo, 4,000. Sasa tuyaweke mambo hayo mahali pake.

Upande wa debiti: fedha taslimu iliyobaki 24,000, benki 50,000, nauli 6,000, madaftari 4,000. Jumla 84,000.

Upande wa krediti: michango ya wanachama 80,000, deni la mwenye duka 4,000. Jumla 84,000.

Orodha hii ya pande mbili huitwa urari. Pande zikilingana, mwanafunzi hufurahi. Lakini watahini hupenda kuuliza: je, urari ukilingana, hesabu ni sahihi? Jibu ni kwamba huenda si sahihi. Kama mweka hazina alisahau kabisa kuandika ile nauli, pande zote mbili zitalingana vilevile. Kama aliandika nauli kwenye hesabu ya madaftari, zitalingana pia. Urari hukamata kosa la upande mmoja tu. Makosa mengine hukamatwa kwa stakabadhi na kwa kuhesabu fedha zilizomo sandukuni. Aliyelielewa jambo hili kwa moyo amekwisha kupita hatua kubwa ya mtihani, na tena si rahisi kudanganywa mkutanoni.

MFANO WA KARATASI YA MSHAHARA

Tutoke kwenye tawi twende kiwandani. Tangu Januari 2025, mchango wa pensheni unaopelekwa RSSB nchini Rwanda ni asilimia 12 ya mshahara: asilimia 6 hukatwa kwa mfanyakazi, na asilimia 6 hutolewa na mwajiri. Tuseme mfanyakazi analipwa faranga 60,000 kwa mwezi. Tuyaache makato mengine, tuangalie pensheni peke yake.

Mhasibu ataandika gharama ya mshahara 60,000 upande wa debiti. Upande wa krediti ataandika 56,400 za kumlipa mfanyakazi, na 3,600 ambazo kampuni inadaiwa na RSSB. Kisha ataandika sehemu ya mwajiri: gharama 3,600 upande wa debiti, na deni la RSSB 3,600 upande wa krediti. Deni lote la RSSB kwa mfanyakazi huyu mmoja sasa ni 7,200.

Angalieni vizuri, ndugu. Karatasi ya mshahara inakuonyesha kwamba 3,600 zimekatwa. Haikuonyeshi kwamba zimefika. Kati ya kukatwa na kufika kuna hesabu moja katika leja, yaani hesabu ya deni la RSSB. Fedha zikipelekwa, deni hilo hufutika. Zisipopelekwa, hubaki na kuongezeka mwezi baada ya mwezi: kwa wafanyakazi 100 wa mshahara huo ni faranga 720,000 kila mwezi. Mjumbe wa wafanyakazi anayejua uhasibu ataomba kuiona hesabu hiyo pamoja na hati za malipo. Asiyejua ataridhika na karatasi ya mshahara, na mzee wa kazi atakuja kujua siku anayokwenda kudai pensheni yake.

Hapo ndipo mtihani huu unapotuhusu sote, hata wasiokusudia kuufanya.

JINSI YA KUJITAYARISHA

Kwanza, lugha. Mitihani ya ICPAR huandikwa kwa Kiingereza. Mtu wa Nkombo huzungumza Amashi nyumbani, Kinyarwanda ofisini, na Kiswahili sokoni Kamembe au akivuka kwenda Bukavu. Anayejua lugha tatu asitishwe na ya nne, lakini asiidharau. Awe na daftari dogo. Upande mmoja aandike neno la mtihani kama lilivyo kitabuni. Upande wa pili aandike maana yake kwa lugha anayofikiria nayo. Maneno 5 kwa siku ni maneno 150 kwa mwezi. Wengi huanguka kwa sababu hawakuelewa wameulizwa nini, ilhali hesabu yenyewe waliijua.

Pili, mkono. Uhasibu hujifunzwa kama useremala. Ukimtazama fundi akipiga randa mwaka mzima hutakuwa fundi. Kusoma jibu la mwenzako na kusema "nimeelewa" hakutoshi. Chukua karatasi tupu, piga mistari, andika hesabu mwanzo hadi mwisho bila kutazama jibu, kisha linganisha. Ukikosea, usifute. Andika kando ni kwa nini umekosea. Baada ya miezi miwili kurasa hizo zitakuwa mwalimu wako mkubwa, kwa kuwa mtu hurudia makosa yaleyale.

Tatu, wakati. Anayetoka zamu amechoka. Asijiahidi saa 4 kila usiku, kwa maana hatazitimiza, na akishindwa wiki moja ataacha kabisa. Saa moja kila siku ya kazi na saa 3 siku ya mapumziko ni saa 8 kwa wiki. Kwa wiki 20 ni saa 160, na hizo si haba. Ndugu wavuvi wa sambaza nao wana nafasi yao: kila mwaka uvuvi ziwani Kivu hufungwa kwa muda ili samaki wazaliane, na muda huo unaweza kuwa muhula wa masomo.

Nne, kikundi. Watu watatu au wanne wanaosoma pamoja hununua kitabu kimoja, huchangia gharama ya kunakili karatasi za mitihani iliyopita, na huulizana maswali. Kila mmoja apewe sura ya kuwafundisha wenzake. Anayeweza kumweleza mwenzake uchakavu wa mashine bila kutazama kitabu, huyo ameuelewa.

Tano, tumieni hesabu halisi zilizo karibu nanyi. Daftari la ushirika, la kikundi cha kuweka na kukopa, la tawi la chama: yote ni mazoezi ya bure. Mfanyakazi wa Bugarama anaweza kwenda mbali zaidi. Hisa za kiwanda cha saruji cha Cimerwa ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Rwanda mwaka 2020, na kampuni iliyoorodheshwa hutakiwa kutangaza hesabu zake zilizokaguliwa. Tafuta hesabu za mwaka mmojawapo, usome mizania yake mstari kwa mstari: mali, madeni, mtaji. Mwanzoni utaelewa mistari mitatu. Rudi baada ya mwezi.

SIKU YA MTIHANI

Mtu wa kisiwani asivuke asubuhi ya mtihani. Ziwa lina mawimbi yake na boti ina saa zake. Avuke jana yake, alale bara kwa ndugu au rafiki.

Akiwa chumbani agawe wakati kwa alama. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 una dakika 180, yaani karibu dakika 1 na sekunde 48 kwa kila alama. Swali la alama 20 lina haki ya dakika 36. Dakika hizo zikiisha, aliache na kwenda swali linalofuata, hata kama pande hazijalingana. Wengi wamepoteza alama 20 za swali la mwisho wakitafuta tofauti ya faranga 200 katika swali la kwanza. Aonyeshe pia njia ya kila jibu, kwa maana mtahini hutoa alama kwa njia hata kama jumla imekosewa.

Na akianguka karatasi moja, asidhani ameanguka yote. Ni jambo la kawaida katika taaluma hii mtu kurudia karatasi, akafaulu, akaendelea.

WAJIBU WA CHAMA

Kupanda kwa mtu mmoja ni jambo jema, lakini haja yetu ni kubwa zaidi. Katika majadiliano ya mishahara mwajiri huja na mhasibu wake. Akisema "mwaka huu kampuni haikupata faida", sisi hujibu kwa kuonyesha bei ya unga sokoni. Bei ya unga ni hoja ya kweli, lakini haijibu swali la faida. Swali hilo hujibiwa na mtu anayeweza kufungua hesabu na kusema: faida ni hii, uchakavu umehesabiwa hivi, mkopo huu umelipwa kwa fedha hizi. Mtu huyo anapaswa kutoka miongoni mwetu.

Kwa hiyo tunatoa mawazo matatu kwa matawi. Kila tawi litafute angalau vijana wawili wenye cheti cha sekondari walio tayari kuanza ngazi ya fundi wa hesabu. Tawi liwasaidie ada ya kujiandikisha, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwamba nao watakagua daftari la tawi na kuwafundisha wajumbe kusoma karatasi ya mshahara. Na majadiliano na mwajiri yaombe ruhusa yenye malipo kwa siku za mtihani, kwa sababu kiwanda nacho hufaidika na mfanyakazi aliyesoma.

Hesabu si siri ya wakubwa. Ni kazi ya mkono na subira, na mikono tunayo. Katibu wa kila tawi aanze kuandika majina mkutano ujao.