Epidura na Uchungu wa Uzazi wa Kwanza

Mama wa Bujonde, wilayani Kyela, aliyewahi kujifungua kwa upasuaji huenda anaifahamu ganzi ya mgongo, yaani sindano inayochomwa mara moja na kuondoa hisia kuanzia kiunoni kwenda chini kwa saa chache. Epidura ni tofauti: mtaalamu wa usingizi huacha mrija mwembamba nje kidogo ya utando unaofunika uti wa mgongo, na dawa iliyozimuliwa huongezwa humo kidogo kidogo mpaka mtoto azaliwe, huku mama akiwa macho. Kwa kuwa dawa hiyo huweza kushusha shinikizo la damu ghafla, mkunga hulipima mara kwa mara baada ya kila dozi, husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na huangalia kibofu, kwani mama asiyehisi mkojo hubaki nao, na kibofu kilichojaa huzuia kichwa cha mtoto kushuka. Zahanati yenye mkunga mmoja usiku, isiyo na chumba cha upasuaji, haiwezi kuibeba kazi hiyo.

Hata pale epidura inapopatikana, kwa mama anayejifungua mara ya kwanza kinachoharibu zaidi ni haraka ya kuingilia kati. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linahesabu uchungu kamili kuanzia mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 5, na halikubali kwamba kasi iliyo chini ya sentimita 1 kwa saa inatosha peke yake kuwa sababu ya kuingilia kati. Epidura hurefusha hatua ya kusukuma, kwa sababu msukumo wa asili hufifia, hivyo mama na mtoto wakiwa salama, vakyumu ya kumvuta mtoto na kisu cha upasuaji vinapaswa kusubiri.

Mkao nao una uzito wake. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wanawake zaidi ya 3,000 waliojifungua mara ya kwanza wakiwa na epidura, ulionyesha kwamba waliolala ubavu katika hatua hiyo ya kusukuma walijifungua bila vyombo wala upasuaji kwa asilimia 41, dhidi ya asilimia 35 ya waliokaa wima. Matokeo hayo yasihamishiwe kwa mama anayejifungua Kyela bila ganzi: huyo aachwe atembee, achuchumae, anywe, na awe na mama yake au shangazi wa kumkanda mgongo, kwani mwendo, mkao na kukandwa ni njia zinazotambuliwa za kupunguza maumivu, na hazihitaji mrija.