Je, Wajua? Utamu wa Kuogopa, Kutoka Kilwa Hadi Lindi

Linakutazama kwa mdomo

Mchezaji wa lipiko, kinyago cha Wamakonde, haoni kwa macho ya kinyago: anachungulia kupitia mdomo wake! Kinyago huchongwa kwa mti mwepesi, kikavaliwa kichwani kama helmeti ya bodaboda, na vingi hubandikwa nywele halisi za binadamu. Mwili hugubikwa nguo, ngozi isionekane. Vijana wanapotoka jandoni, jitu hilo huingia uwanjani kwa kishindo cha ngoma. Wewe watazame watoto tu. Likisogea, wanatimka huku wakipiga mayowe. Likigeuka, wanarudi, hatua moja moja, kidole mdomoni, mpaka karibu kuligusa. Kisha mbio tena! Hakuna aliyewaita warudi. Mimi naamini siri yote iko hapo: woga mtamu ni ule wenye njia ya kukimbilia.

Woga una kipimo, kama pilipili

Watafiti nchini Denmark waliwafunga watu 110 vipimo vya mapigo ya moyo, wakawaingiza katika nyumba ya kutisha ambayo watu hulipa kiingilio. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yanapendeza: walioburudika zaidi ni walioogopa kiasi. Kachumbari bila pilipili imepooza. Pilipili ikizidi, hailiki. Hofu humwaga adrenalini mwilini na moyo ukaenda mbio. Ukishatambua kwamba uko salama, msisimko ule haukatiki papo hapo, ndiyo maana mtu akimaliza kupiga yowe huangua kicheko.

Zimwi lililokula majani

Jitu la kweli la Lindi lina kimo cha zaidi ya mita 13, sawa na nyumba ya ghorofa, na halikuwahi kuonja nyama! Ni dinosaria Giraffatitan, ambaye mifupa yake ilichimbuliwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba kwa miguu, safari ya siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Leo amesimama Berlin, na watu hulipa ili wajione wadogo chini ya miguu yake.

Hatari huja baada ya mbalamwezi

Tangu mwaka 1990 hadi 2004, simba waliua Watanzania zaidi ya 563: ni kama abiria wa mabasi tisa ya watu 60, na zaidi. Rufiji na Lindi ziliumia sana, na Kilwa imekaa katikati ya hizo mbili. Utafiti wa mwaka 2011 ukagundua kwamba mashambulizi huongezeka siku zinazofuata mwezi mpevu, saa zile za jioni ambapo giza limeshaingia na mwezi haujachomoza. Wazee waliowatisha wajukuu wasitoke nje usiku walikuwa na sababu yenye meno.

Paka wa hadithi ashtakiwa Lindi

Mnyama wa ngano za watoto aliwahi kutajwa kuwa muuaji wa kweli! Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi za Kiswahili alizozikusanya Unguja, mojawapo ikiwa ya Sultani Majnun na paka wake. Paka anaanza kwa mifugo, na sultani anamtetea kwa kuwa ni wake. Mwisho anakuwa nunda, mla watu. Mtoto wa mwisho wa sultani anaingia porini kumsaka. Anamletea mama yake mbwa, punda milia, twiga, kifaru, hata tembo, na kila mara mama anajibu kwamba huyo siye. Msikilizaji anazidi kujikunyata: kama tembo siye, basi huyo nunda yukoje?

Sasa ruka hadi miaka ya 1920. William Hichens, ofisa Mwingereza aliyefanya kazi Lindi, aliandika kuhusu watu waliouawa usiku, mmoja wao akiwa ameshika manyoya ya kijivu mkononi. Wenyeji walimtaja muuaji bila kusita: mngwa, jina lingine la nunda. Hakuna mtaalamu wa wanyama aliyewahi kumpata.

Ukiwa na bibi anayeikumbuka hadithi hiyo, mwombe akusimulie leo usiku. Zima taa kwanza.