Marhamu ya Kakamega na Amana ya Muuzaji
Kando ya Msitu wa Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru hupanda mashambani mwao mwonyi, jamii ya mrihani yenye harufu ya kafuri, ili msitu usalimike. Mafuta yake hutengenezwa marhamu iitwayo Naturub, iliyosajiliwa rasmi na kuuzwa madukani. Mwaka 2010 walitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Je, kopo lisilo na jina la mtengenezaji, liuzwalo saluni kwa neno "asilia" tu? Mtume (s.a.w.) alimkemea muuzaji aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya iliyo kavu. Tunawausia mama zetu na dada zetu waulize kabla ya kupaka: nani kaitengeneza, na kwa kitu gani? Muuzaji mwaminifu hachukizwi na swali hilo.